Kichezeo anachokitaka mtoto huisha kabla ya sikukuu: tuliongee mapema, tusiumie tena

Mama Pacha (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua sikukuu bado, na wapo watakaosema nawahi. Nawahi kwa makusudi. Uzi wa namna hii ukiletwa wiki ya mwisho haumsaidii mtu, maana wakati huo kila unakouliza jibu ni moja: mzigo umeisha.

Nina mabinti mapacha. Mwaka jana walikuwa na miaka sita. Kulikuwa na kinyama fulani cha manyoya, ukikigusa kinaitikia, ukikilaza kinafumba macho. Darasa zima walikuwa wanakiongelea hicho. Wangu wote wawili wakakitaka, mmoja cha zambarau, mwingine cha kijivu. Nikajipa moyo kwamba muda upo. Nilipokuja kushtuka zimebaki wiki tatu, nikapata kimoja tu, cha zambarau. Cha kijivu nilikitafuta mpaka nikachoka.

Wanaolea mapacha mtanielewa. Huwezi kumpa mmoja ukamwambia mwenzake asubiri.

Basi nikaangukia mikononi mwa muuzaji wa mtandaoni. Picha safi, maneno "vimebaki vitatu tu", na kisaa kinachohesabu dakika kurudi nyuma. Nikalipa zaidi ya mara mbili ya nilicholipia kile cha kwanza. Kikafika siku mbili kabla ya sikukuu. Nikasubiri watoto walale, nikaviweka vyote viwili mezani chini ya taa. Boksi la kile cha pili lilikuwa limepauka, kama picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Jina la kichezeo limekosewa herufi moja. Jina wala anwani ya mtengenezaji hakuna. Manyoya ukiyavuta kidogo yanabaki vidoleni. Nikakigeuza tumbo juu. Kile halisi kifuniko cha betri kimekazwa kwa skrubu. Hiki nilikifungua kwa ukucha, na betri mbili za saa zikadondoka zenyewe, moja ikabiringika mpaka ikagonga kikombe changu.

Sikumpa mtoto. Asubuhi ya sikukuu nilimwambia ukweli kwamba chake hakikupatikana. Hakulia. Alikaa anamwangalia mwenzake akicheza, mikono kaibana katikati ya magoti. Mpaka leo nikifumba macho namwona vilevile.

Mwaka huu sitaki kurudia. Naombeni uzoefu wenu: mtu aanze lini hasa? Utajuaje kwamba hiki ndicho mtoto anakitaka kweli na si kelele za matangazo? Na ukikikosa, unafanyaje bila kukimbilia kwa walanguzi? Nawasilisha.

---

Mzee wa Stoo

Pole sana mama. Nimeshughulika na oda za vichezeo kwa miaka mingi, kwa hiyo ngoja niwaeleze kinachotokea kabla kichezeo hakijafika kwenye rafu, maana ukikielewa hicho hutashangaa tena kwa nini vitu vinaisha.

Sikukuu ya mwisho wa mwaka kwetu huanza Januari. Maonyesho makubwa kabisa ya vichezeo duniani hufanyika Nuremberg, Ujerumani, mwishoni mwa Januari kuingia Februari. Hapo wenye maduka makubwa wanaangalia vitu vipya na kuanza kukisia watoto watapenda nini. Angalia neno hilo, kukisia. Oda zinatolewa miezi mingi kabla. Kiwandani, na sehemu kubwa ya vichezeo vya dunia hutengenezwa China, lazima kwanza zichongwe kalibu za chuma za kumiminia plastiki. Kalibu ni ghali na inachukua muda. Huwezi kuamka Novemba ukasema tuongeze mara tatu. Baada ya hapo kuna kontena, meli, bandari, maghala. Kinachokuwa dukani Desemba kiliamuliwa na mtu aliyekuwa anakisia katikati ya mwaka.

Sasa ikitokea kichezeo kimoja kimewapagawisha watoto, hesabu yote inavurugika. Mwaka 1983 Marekani ilikuwa midoli ya Cabbage Patch Kids, ya kampuni ya Coleco. Kila mdoli alikuwa tofauti na mwenzake na alikuja na cheti chake cha kuasiliwa. Watu wazima walipigana madukani. Mwaka 1996 ikawa Tickle Me Elmo, mdoli anayecheka ukimtekenya, aliyekuwa anauzwa chini ya dola 30, na walanguzi wakamuuza kwa mamia ya dola. Mwaka 1998 Furby, kinyama cha manyoya kinachoongea. Mwaka 2016 Hatchimals, yale mayai yanayojiangua yenyewe. Mwaka 2017 Fingerlings, tumbili wa kushika kidole. Majina yanabadilika, lakini mtiririko ni uleule kila mara.

Na kuna kisa kimoja cha mwaka 1977 ambacho kitakusaidia, mama, nitakirudia tukifika kwenye swali lako la tatu.

Kuhusu lini: orodha za "vinavyotamba mwaka huu" hutolewa na maduka makubwa kuanzia Septemba hadi Novemba. Zichukue kama tahadhari, usizichukue kama ushauri. Mwenye duka anaandika kile alichokiagiza kwa wingi na anataka kitoke. Lakini kikishatajwa kwenye orodha tatu tofauti, jua wazazi wengine nao wameziona. Kama mtoto wako anakitaka hicho, usingoje punguzo la bei. Punguzo hutolewa kwa kile kisichotoka chenyewe.

---

Baba wa Watatu

Naunga mkono kwa asilimia zote hiyo ya punguzo. Niliwahi kungoja bei ishuke, nikaishia kununua kitu kingine kabisa kwa hasira, na hakikuchezewa hata wiki.

Nijibu swali la pili, maana hapo ndipo tunapopotea zaidi. Mtoto anaweza kutaja vitu kumi na viwili kwa mlo mmoja. Asubuhi anataka gari, jioni anataka roketi. Mimi nina daftari. Akitaja kitu naandika na tarehe, sisemi ndiyo wala hapana. Siulizi tena. Nasubiri wiki tatu au nne nione kama atakitaja mwenyewe bila tangazo kupita mbele yake. Vingi vinakufa humo ndani ya daftari. Kinachorudi mara tatu nne, hicho nakichukulia kwa uzito.

Halafu namuuliza swali moja tu: "Ukikipata utakifanyia nini?" Anayekitaka kweli anakusimulia. Atakilaza wapi, atakipa jina gani, atacheza na nani. Anayekitaka kwa sababu ya wenzake anasema "basi tu, kila mtu anacho." Sisemi hilo la pili ni baya. Mtoto kutaka kuwa na kile walicho nacho rafiki zake ni hamu halali, sisi wenyewe tulipitia. Ila hamu ya namna hiyo hupita haraka wenzake wakihamia kwingine, kwa hiyo siifukuzii kwa bei ya kulangua.

Jambo jingine, msinunue vingi kufidia kimoja kilichokosekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwaangalia watoto 36 wa kati ya miezi 18 na 30, mara wakiwekewa vichezeo 4, mara 16. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na walikichezea kwa namna nyingi zaidi. Nimeliona hilo kwangu. Mwaka tuliofungua mafurushi mengi kuliko yote ndio mwaka watoto waligombana kuliko yote.

---

Shangazi wa Mbali

Nimesoma kwa makini. Swali langu: mimi siishi na watoto wa kaka yangu, nawaona mara moja moja. Sina pa kuwasikiliza wiki tatu. Nanunua kile ninachosikia kinatamba, najikuta nimenunua ambacho tayari wanacho au kimeshapitwa. Nifanyeje?

---

Mama Pacha

Wifi yangu alikuwa na shida kama yako, Shangazi. Siku hizi ananipigia anauliza, "Mwezi huu wanacheza mchezo gani?" Haulizi wanataka kununuliwa nini, anauliza mchezo. Wakati huo wangu walikuwa wanacheza hospitali, dawa za majani na bandeji za karatasi kila kona ya nyumba. Akawaletea koti dogo jeupe na mkoba wenye kipimo cha mapigo ya moyo. Havikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na mkoba ule hadi leo unavutwa kila siku.

Na ukinunua kile kinachotamba, omba risiti isiyoonyesha bei uiambatanishe, ili kaka yako aweze kubadilisha bila aibu.

---

Baba wa Watatu

Niongeze hapo kwa Shangazi: kitu kinachoungana na walichonacho hakimwangushi mtu. Matofali ya LEGO ya mwaka 1958 yanaingiliana na ya leo. Boksi dogo juu ya ndoo waliyonayo tayari ni zawadi nzuri hata kama si jipya mjini.

---

Muuguzi wa Zamu

Mama Pacha, umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani ulipokataa kumpa mtoto kile cha pili. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe, lakini hili nimelishuhudia kazini.

Betri za saa, zile bapa za duara, ni hatari ya dharura. Mtoto akimeza na ikakwama kwenye umio, ile njia ya chakula ya kooni, mate yanakamilisha njia ya umeme, na pale betri ilipogusa nyama hutengenezeka kemikali kali inayounguza. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuleta majeraha makubwa. Betri haihitaji kupasuka, wala haihitaji kuwa mpya. Iliyochoka hata haiwashi kichezeo bado inaweza kuunguza. Hatari zaidi ni zile za lithiamu za upana wa milimita 20, kwa sababu ndizo zinazokwama kirahisi. Ukihisi tu kwamba mtoto amemeza, usingoje dalili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali na uwaambie neno "betri" mlangoni, kwa sababu mwanzoni mtoto anaweza kuonekana ana kikohozi tu au amekataa kula.

Viwango vya Ulaya na Marekani vinataka kifuniko cha betri hizo kwenye kichezeo kisifunguke mpaka utumie kifaa kama bisibisi, au ufanye vitendo viwili tofauti kwa pamoja. Kwa hiyo ule ukucha wako ulikuwa kipimo kizuri kabisa. Kila kichezeo kinachoingia nyumbani, geuza, jaribu kwa ukucha. Kikifunguka, kirudi kilikotoka.

Cha pili ni sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili kwa nyakati tofauti, zinavutana zikiwa kwenye sehemu tofauti za utumbo na kuubana katikati mpaka unatoboka. Cha tatu, zile shanga zinazovimba kwenye maji. Zinaingia ndogo kama punje, zinavimba tumboni au puani, na baadhi hazionekani vizuri kwenye eksirei.

Kwa wenye watoto chini ya miaka 3: ile alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na mstari wa kukata haizungumzii akili ya mtoto. Wazazi wengi wananiambia, "Wangu ni mwerevu, ataweza." Alama inazungumzia koo. Maabara hutumia kichupa chenye upana wa milimita 31.7, na kipande kinachoingia chote humo hakifai kwa mtoto wa umri huo. Nyumbani tumia bomba la karatasi ya chooni, ni pana kidogo kuliko hicho kichupa, kwa hiyo kinachopita humo kiweke mbali.

Na kwenye haraka za kutafuta kilichoadimika, ndipo ukaguzi huu unasahaulika. Mzazi anashukuru tu kwamba amekipata.

---

Mzee wa Stoo

Dada Muuguzi, asante. Niongeze kwamba hata mzigo halali wa kampuni kubwa unaweza kurudishwa. Mwaka 2007 Mattel iliagiza vichezeo vyake virudishwe kwa mamilioni, vingine kwa rangi yenye madini ya risasi, vingine kwa sumaku zinazong'oka. Ndiyo maana nasema tunza boksi au angalau piga picha namba ya toleo. Wakitangaza kurudisha, watataja namba.

Tofauti ya halisi na feki ni hii: halisi kikiwa na kasoro, kuna mtu wa kumwendea. Feki hakina mwenyewe. Mwaka 2017 wenye Fingerlings, kampuni ya WowWee, walifungua kesi Marekani dhidi ya wauzaji wengi wa mtandaoni waliokuwa wakiuza za kughushi. Feki hufuata kile kilichoadimika kama nzi. Kichezeo kisichotafutwa na mtu hakighushiwi.

---

Kaka Mkubwa

Na hizi Labubu jamani, vile vidoli vya manyoya vyenye meno? Mdogo wangu ana miaka 11, hali wala halali, anataka lile boksi la siri ambalo hujui utatoa rangi gani. Naogopa feki, na naogopa pia akitoa asiyoitaka.

---

Mzee wa Stoo

Kijana wangu, Labubu ni wa kampuni ya Pop Mart ya China, alichorwa na msanii Kasing Lung tangu 2015. Feki zimejaa mpaka zimepewa jina lao, Lafufu. Hesabu meno: halisi ana 9. Halafu angalia mishono ya sikio na uhakiki msimbo wa kwenye boksi kwenye tovuti yao wenyewe. Usipite kwenye kiungo ulichotumiwa na muuzaji, maana feki nazo siku hizi huja na msimbo unaokupeleka kwenye tovuti ya kughushi.

Kuhusu boksi la siri, mwambie hesabu kabla hajafungua. Kwenye matoleo mengi, yule adimu kabisa hutoka kwa wastani wa boksi 1 kati ya 72. Mtoto wa miaka 11 hesabu hiyo anaiweza. Mchoreeni miraba 72 kwenye karatasi, apake rangi mmoja. Akiiona karatasi hiyo na bado anataka boksi moja kwa furaha ya kufungua, mnunulie moja, na awe amekubali mapema kwamba chochote kitakachotoka ndicho. Kama anataka rangi fulani tu na si nyingine, basi boksi la siri halimfai.

---

Kaka Mkubwa

Shikamoo mzee. Hiyo ya miraba naenda kuifanya leo jioni.

---

Mzee wa Stoo

Marahaba. Sasa kile kisa cha 1977.

Filamu ya Star Wars ilitoka Mei mwaka ule. Waliopewa haki ya kutengeneza vinyago vyake, kampuni ya Kenner, hawakutegemea watoto watapagawa vile, na ikabainika hawawezi kuvitoa kiwandani kabla ya Krismasi. Wakauza bahasha ya kadibodi. Ndani kulikuwa na picha ya kusimamisha, stika na fomu. Unaituma fomu kwa posta, na vinyago vinne vinakuja kwako mwaka 1978. Watoto walifungua zawadi isiyokuwa na kichezeo, wakasubiri, na walioitunza ile bahasha wanaithamini hadi uzeeni.

Mama Pacha, ukikosa, fanya hivyo. Mpe mtoto bahasha ya kweli: picha ya kichezeo, jina lake, na tarehe ambayo duka limekuahidi mzigo mpya. Mzigo mpya huja. Kiwanda kilichopata oda za ziada vuli kinazishusha baada ya sikukuu, na mara nyingi Februari kile kilichopiganiwa kipo rafuni kwa bei yake ya kawaida. Mlanguzi analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana ana haraka, na ndiyo maana akakuwekea kile kisaa.

Ila sharti moja: tarehe iwe umeihakikisha kwa muuzaji, na siku hiyo ikifika usisahau. Mtoto ataikumbuka.

---

Mama Pacha

Nimesoma yote mara mbili, ya Muuguzi mara tatu.

Jana usiku niliwauliza wanangu swali la Baba wa Watatu, kila mmoja peke yake, mmoja akiwa anaoga na mwingine anasukwa. Wa zambarau ametaja kitu kipya, cha kutengenezea bangili, na amenisimulia hadi rangi atakazompangia bibi yake. Yule wa kijivu alinyamaza kidogo halafu akasema bado anakitaka kilekile cha mwaka jana. Nikamuuliza atakifanyia nini. Akasema, "Nikilala kiwe kinaniitikia, halafu cha mwenzangu kiitikie, viongee vyenyewe."

Mwaka mzima, wakuu. Na mimi nilidhani ameshasahau.

Leo nimepiga simu duka lenye kibali cha kampuni. Cha kijivu kipo, vimebaki kadhaa, na bei imeshuka kwa sababu watoto wengine wamehamia kwenye kitu kingine. Nimekilipia kwa simu, wamekiandika jina langu. Cha bangili bado hakijaingia. Nimepewa wiki ya pili ya mwezi ujao, nimeiandika kwenye daftari na tarehe.

Kesho nakwenda kuchukua cha kijivu. Nitakigeuza palepale kaunta kabla sijasaini.